Mayai na majani jikoni Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Likelemba yetu (kikundi cha kuchangiana pesa) ya Katindo, mtaa wa Goma mashariki mwa Kongo, hukutana Jumapili mbili kwa mwezi, na kabla pesa hazijahesabiwa tayari tumeshaanza kuulizana jana nani kapika nini. Maswali ni yaleyale: mayai hayatoshi, omeleti imelowa, sombe (majani ya muhogo) imebaki peke yake, mtoto hataki majani. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu tuliyoyajaribu kwenye mbabula (majiko ya makaa) zetu wenyewe. Pale tunapopishana nimesema, na pale ninapoamini jambo kwa dhati nimelisema pia.

Nina mayai manne na watu saba wa kula. Yatatoshaje?

Yatatosha, mama, ila usianze na mayai, anza na majani. Kwetu fufu (ugali wetu) ndiyo inayoshibisha, mboga ndiyo inayoiteremsha, na yai linaingia kuipa ile mboga nguvu. Kwa mayai manne mimi natumia mafungu matano ya lengalenga (mchicha; jirani zetu wa Gisenyi, Rwanda, wanaziita dodo), kitunguu kimoja kikubwa, poaro (liki) moja, nyanya tatu zilizoiva na mafuta vijiko vitatu vya supu.

Chambua majani, toa vijiti vigumu, osha, katakata. Yatie kwenye sufuria kavu, bila mafuta, bila kuongeza maji, bila kifuniko. Maji yaliyoshika kwenye majani baada ya kuoshwa yanatosha kuyalainisha. Geuza kwa mwiko na usikilize: mwanzoni sufuria inatokota, baadaye inaanza kulia kwa ukavu. Hapo yatoe, yaweke kando. Sasa tia mafuta, kaanga kitunguu na poaro mpaka vilegee, ongeza nyanya, uziache mpaka mafuta yaonekane pembeni mwa rojo. Rudisha majani, tia chumvi, changanya.

Mayai umeshayapiga kwenye bakuli na chumvi yake kidogo. Fungua mashimo matatu au manne katikati ya majani, mimina yai humo, kisha usiguse. Hesabu polepole mpaka 30. Likianza kushikana chini, ligeuze mara mbili tu, kwa mikunjo mikubwa, na uepue.

Ukikoroga sana, yai linasagika na kupotelea kwenye majani, na watoto watauliza mayai yameenda wapi. Likibaki vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kila mtu anaona manjano kwenye sahani yake, na yale mayai manne yanakuwa yameonekana na watu saba.

Kwa nini omeleti yangu ya mboga inatoa maji kwenye sahani?

Hili linaulizwa kuliko yote. Maji hayo yanatoka sehemu mbili, na wengi wanatibu moja tu.

Sehemu ya kwanza ni mboga zenyewe. Nyanya na shu, hiyo kabichi yetu ya Kibumba, ni maji zaidi ya asilimia 90. Ukizikata na kuzitupa mbichi ndani ya yai lililopigwa, moto na chumvi vinayafungua maji hayo wakati yai limeshaanza kushikana, na hayana pa kwenda. Kwa hiyo mboga iive kwanza, maji yake yaishe kwanza, ndipo yai lifuate. Sijawahi kuona omeleti ya mboga iliyofaulu kwa kufuata njia nyingine.

Sehemu ya pili ni yai lenyewe. Yai likizidi kuiva linakaza kama kitambaa kinachokamuliwa, na maji yaliyokuwa ndani yake yanatoka. Niliwahi kuwapikia wakwe omeleti ya shu na karoti. Mboga nilizikausha vizuri kabisa, lakini wageni walichelewa na mimi nikaiacha kwenye makala (makaa) ikingoja. Nilipoifunua, ilikuwa imekaa juu ya kidimbwi cha maji, na imekuwa ngumu kama sponji. Siku hizi mboga inawangoja wageni, yai haliwangoji. Linaingia wakishanawa mikono.

Kwa shu kuna njia ya ziada. Ikate nyembamba kama nyuzi, nyunyiza chumvi kijiko kidogo, iache robo saa, kisha ikamue kwa mikono miwili. Utashangaa maji yanayotoka. Lakini ukifanya hivyo, usitie tena chumvi kwenye mayai.

Mayai ya kuchemsha yakae dakika ngapi kwenye moto hapa Goma?

Zaidi ya zile dakika zinazoandikwa kwenye maelekezo mengi, kwa sababu dakika hizo zimepimwa karibu na usawa wa bahari. Goma iko juu, kwenye mita 1500 hivi, na huku maji yanachemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Yanaruka na kutoa mvuke vilevile, lakini yana moto mdogo. Mdogo wangu anayeishi Kinshasa anachemsha yai dakika 10 na linaiva kabisa. Mimi hapa nalichemsha dakika 12 tangu maji yaanze kuchemka tena baada ya kulitumbukiza. Ukitaka kiini kibaki laini, 8 zinatosha. Ni sababu ileile inayofanya maharage yetu yamalize makala mengi hivi.

Ikifika dakika, mwaga maji ya moto papo hapo na utie ya baridi. Usipofanya hivyo yai linaendelea kuiva ndani ya ganda, na utaona lile duara la kijani kuzunguka kiini. Duara hilo halina madhara: ni madini ya chuma ya kiini yaliyokutana na salfa ya ute kwa sababu ya moto kuzidi. Ila ladha inakuwa nzito na kiini kinakuwa unga.

Na kwa nini mengine hayamenyeki?

Kwa sababu ni mapya mno. Yai lililotagwa jana limeng'ang'ania ganda lake. Kwa kuchemsha chukua yaliyokaa siku saba hivi, na mapya uyaweke ya kukaanga.

Mayai niliyochemsha yanakaa muda gani kama sina frigo (friji)?

Yaliwe siku hiyohiyo, basi. Nakumbuka tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa tuondoke mjini. Wakati watoto wanafunga mizigo mimi nilichemsha mayai yote yaliyokuwa ndani ya nyumba, zaidi ya nusu plato (trei ya mayai), nikayafunga kwenye kitenge na chumvi kwenye karatasi. Barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu, pikipiki, magodoro, mbuzi. Tulikula mayai yale njiani tumesimama, na tukawagawia waliotembea karibu nasi. Yaliyobaki mpaka kesho yake, yale yaliyopasuka ganda yalikuwa yameshaanza kunuka, tukayatupa. Mazima tuliyala asubuhi ile kwa sababu hatukuwa na kingine, lakini siwezi kukushauri ufanye hivyo.

Yasiyomenywa yanavumilia kuliko yaliyomenywa. Ukishamenya, ni ya kula wakati huo. Kwa mwenye frigo, juma moja ndani ya ganda ni sawa.

Nitajuaje yai bovu kabla ya kulipasulia kwenye mboga?

Litie kwenye bakuli la maji. Likilala chini, ni jipya. Likisimama wima limegusa chini, limekaa siku nyingi lakini linafaa, hasa kwa kuchemsha. Likielea, achana nalo. Ndani ya yai kuna kifuko cha hewa upande wa butu, na kadiri siku zinavyopita maji yanapotea kupitia ganda na kifuko kinapanuka, ndicho kinacholiinua.

Hata hivyo pasulia kila yai kwenye kikombe kwanza. Mayai mengi tunayokula Goma yanatoka ng'ambo ya mpaka, na hujui yamepita jua gani. Mpaka ukichelewa kufunguliwa, bei ya plato inapanda siku hiyohiyo, na kupoteza mboga nzima kwa ajili ya yai moja ni hasara inayouma.

Nioshe mayai nikifika nyumbani kutoka soko la Virunga?

Usioshe ili kuyahifadhi. Ganda lina utando wake unaozuia vijidudu kuingia, na maji yanauondoa. Yaliyo machafu yafute kwa kitambaa kikavu, na uoshe dakika unapotaka kuyatumia. Yaweke mahali pa baridi na pakavu, ncha nyembamba chini.

Majani yangu yana mchanga hata baada ya kuosha.

Vumbi la lava ni zito na linashika. Usioshe kwa kumimina maji juu ya majani. Jaza beseni, tumbukiza majani, yatikise, kisha *yatoe wewe kwa mikono* na umwage maji. Ukimwaga maji majani yakiwa ndani, mchanga unarudi juu yao. Rudia mara tatu. Osha kabla ya kukata, maana ukikata kwanza vitamini zinaondoka na maji.

Najua bidoni (dumu) ya maji ina bei na mgongo una kazi. Maji ya tatu, yakiwa safi, yawe maji ya kwanza ya fungu linalofuata. Na kama unataka kula shu mbichi na karoti kama saladi, maji ya mwisho yawe yametiwa klori au yamechemshwa, hasa yakitoka ziwani.

Mbabula yangu inaunguza mayai chini kabla juu hayajashikana.

Makala ni mengi, au sufuria imeyakaribia mno. Mboga inataka makala makali, yai linataka moto wa kati. Mimi nikimaliza kukaanga mboga natawanya makala pembeni kwa koleo na kunyunyiza majivu juu ya yaliyobaki katikati. Moto unashuka mara moja, na makala yanaisha polepole, kwa hiyo nashinda mara mbili. Ukiwa na resho (jiko) ya umeme, kama nyumba kadhaa mjini tangu umeme wa maji wa Matebe ulipoanza kuja, kumbuka kwamba sahani yake inabaki na joto hata ukizima. Epua sufuria kabla yai halijamaliza kuiva, litamalizikia humo.

Na neno moja lisilo la mapishi: mvua ikinyesha usiingize mbabula kwenye chumba kilichofungwa. Hewa ya makala inayoua haina harufu. Fungua dirisha na mlango, hata kama baridi ni kali.

Je, sombe inapikwa na mayai?

Hapa tunapishana. Wapo wanaopasulia mayai mawili kwenye sombe dakika za mwisho na kukoroga. Inakuwa nzito, na watoto wanaipenda. Mimi siioni ladha ya yai humo. Sombe na mawese vina sauti kubwa, yai linanyamazishwa. Ninachofanya ni kuchemsha mayai pembeni, kuyakata nusu na kuyapanga juu ya sombe wakati wa kupakua.

Lolote utakalochagua, sombe yenyewe iive. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kifuniko kunaitoa na mvuke. Ipe saa nzima angalau baada ya kutwanga, ndipo poaro, biringanya na mawese viingie. Mwenye haraka apike lengalenga.

Birayi (viazi) na mayai naona vinashikana na kuvunjika. Kosa liko wapi?

Chemsha birayi na maganda yake, viache vipoe kabisa, ndipo umenye na kukata duara za nusu kidole. Vya moto vinabomoka, vilivyopoa vinashikilia. Vikaange upande kwa upande mpaka vipate rangi, tia kitunguu kilichokatwa nyembamba na seleri, kisha mimina mayai sita juu ya birayi vya kilo moja, ukiinamisha kikaango huku na huku ili yai lishuke kwenye nafasi zote.

Kugeuza ndiko kunakoogopesha watu. Pitisha kisu pembeni kuzunguka. Tikisa kikaango: kama chote kinateleza kwa pamoja, kiko tayari, kama katikati kumeshika, subiri. Funika kwa sahani bapa iliyo pana kuliko kikaango, bana sahani kwa kiganja cha mkono mmoja chenye kitambaa, na ugeuze mara moja bila kusita, mbali na mbabula. Kisha telezesha kirudi kwenye kikaango upande mbichi ukiwa chini. Dakika tatu. Kinakatwa kama keki, na kesho yake asubuhi kikiwa baridi kinafaa sana kwa chai, mradi kimelala kwenye frigo.

Fromaji (jibini) ya Masisi inafaa kwenye omeleti?

Inafaa mno, na kwa maoni yangu ndiyo anasa iliyo karibu nasi kuliko zote. Ikune, kiganja kimoja kwa mayai manne, uinyunyize yai likiwa limeshikana chini lakini juu bado linang'aa. Kunja na uepue. Ina chumvi yake, basi punguza ya kwako. Pamoja na poaro iliyolegezwa vizuri kwenye mafuta, hapo sihitaji kingine.

Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu?

Sambaza wabichi wa soko la Kituku wakaange kwanza peke yao mpaka wawe wakavu na wakwaruze, ndipo uwapange kwenye kikaango na kumimina mayai. Wakiingia wabichi wanatoa maji na harufu inashika yai lote. Samaki huyu aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo siwezi kuiwaza Goma bila yeye. Analiwa na mifupa yake, jambo ambalo ni zuri kwa watoto.

Nina nyanya tu na kitunguu. Nitatoka vipi?

Tengeneza rojo zito: nyanya sita, kitunguu, pilipili kama mnakula, kijiko cha mafuta na uvumilivu. Likishakuwa zito kiasi kwamba mwiko unaacha njia, chimba vishimo na upasulie yai zima katika kila kimoja, bila kulipiga. Funika dakika tano au sita. Kila mtu anapata yai lake, na rojo linakwenda na fufu au wali.

Kube ya supu (kidonge cha kuungia mchuzi) ni lazima?

Hapana. Kube ni chumvi kwa sehemu kubwa. Kitunguu kilichokaangwa kwa subira, seleri na nyanya iliyokauka vinatosha. Nikitia kube, sitii chumvi. Magadi ya kulainisha majani nayo siyatii: yanaharibu vitamini na kuacha utelezi. Lengalenga changa inalainika yenyewe.

Bibi yangu anasema mjamzito asile yai, mtoto atazaliwa bila nywele. Na mtoto mdogo je?

Bibi yangu mimi alisema hivyohivyo, na nilimheshimu mpaka mwisho, lakini mayai nilikula mimba zote. Yai lililoiva vizuri ni chakula bora kwa mjamzito. Mtoto naye aanze akifikisha miezi 6, kidogo kidogo, ukiangalia kama mwili unalikubali. Mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani) wa mwaka 2023 unasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku nyama, samaki au mayai. Kwetu kati ya hivyo vitatu, yai mara nyingi ndilo linalowezekana. Ponda kiini na ute ulioiva pamoja na majani laini na tone la mawese. Mafuta yanausaidia mwili kuchukua vitamini A ya majani.

Kamulia ndimu kwenye lengalenga za wakubwa, inasaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai kali inafanya kinyume, kwa hiyo iache mpaka saa moja baada ya kula.

Mtoto wangu anachagua mayai na kuacha majani.

Katakata majani madogo sana, yakaushe kabisa, uyachanganye na yai ndani ya bakuli, kisha uchote kwa kijiko na kukaanga kama vitumbua bapa. Anavishika kwa mkono na hapati nafasi ya kuchagua. Karoti iliyokunwa inaongeza utamu.

Mara nyingine barabara inafungwa na sokoni hakuna majani. Tufanye nini?

Wengi wetu tumelima kwenye magunia, maana ardhi yetu ni mawe. Jaza gunia udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi au kuku iliyokaa miezi kadhaa, na katikati simamisha nguzo ya mawe madogo ya lava ili maji yashuke mpaka chini. Toboa matundu pembeni, panda lengalenga juu na kwenye matundu. Kumwagilia tumia maji uliyooshea mboga. Wiki ya nne hivi unaanza kukata. Using'oe: kata shina juu ya majani mawili au matatu ya chini, na baada ya wiki mbili utakuta limechipua pande zote, tayari kwa kikaango kingine.